Kituo cha mbwa kinadai kadi ya chanjo, na mimi nina wiki tatu tu

Daktari, salaam.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, leo nimeamua kuandika kwa sababu nyumbani tumegawanyika. Nina mbwa wawili. Mkubwa anaitwa Chui, dume, tunakadiria ana miaka minne. Nilimchukua kwa shangazi yangu alipohama. Kadi yake ya chanjo ilipotelea kwenye mizigo. Shangazi anasema alichomwa ya kichaa "mwaka juzi au mwaka ule mwingine," na kwamba alipokuwa mdogo "alichomwa zile zote." Wa pili ndiye Pili mwenyewe, jike wa wiki kumi. Aliyenipa alimchanja mara moja akiwa na wiki saba, karatasi ninayo.

Baada ya wiki tatu narudi kazini, kutwa nzima. Chui hawezi kubaki peke yake. Nikitoka hata nusu saa anabweka mpaka jirani anagonga ukuta. Nimepata kituo cha kutunza mbwa mchana, mahali safi, watu wachangamfu. Nilipokwenda kuandikisha wakanipa karatasi ya masharti: chanjo ya mchanganyiko ya distempa, homa ya ini na parvo, leptospirosi, kichaa cha mbwa, kikohozi cha mabanda, na mafua ya mbwa "ikiwezekana." Chini wameandika kwamba mbwa hapokelewi bila kadi, na ziwe zimepita wiki mbili tangu sindano ya mwisho.

Mume wangu anasema hiyo ni karatasi ya kutafutia hela, kichaa peke yake inatosha. Kaka yangu anasema chanjo zinauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, atazinunua awachome mwenyewe uani, maana amefuga ng'ombe miaka mingi na sindano si kitu kigeni kwake. Halafu kuna rafiki yangu. Mbwa wake alikufa mwaka huu, rangi na umri karibu sawa na Chui, na kadi yake imejaa mihuri. Ananiambia nibadilishe jina tu, nani atajua? Sijaichukua, ila sijaikataa pia.

Naomba unisaidie. Zote hizi ni za lazima kweli? Wiki tatu zinatosha? Pili anaweza kwenda pamoja na kaka yake? Na kama mbwa wote pale wamechanjwa, wangu wataambukizwa na nani?

Mwenye Chui na Pili

MAJIBU

Dada yangu,

Kwa kuwa una tarehe ya kuanza kazi, nianze na tarehe, maelezo yafuate. Chui anaweza kuingia kituoni, lakini si asubuhi ile utakayoanza kazi. Sogeza mbele wiki mbili. Pili haendi naye. Muda wake ni karibu miezi miwili kutoka leo. Kadi ya marehemu ibaki kwa mwenyewe, na kaka yako mwambie aweke sindano chini. Najua nimeshamkera kila mtu nyumbani kwako, basi nieleze.

Sindano haimkingi mbwa siku anayochomwa. Mwili unahitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, kutengeneza kingamwili za kutosha, na zipo chanjo ambazo dozi ya kwanza inaamsha tu mwili, ya pili ndiyo inayokinga. Kwa hiyo ule mstari wa chini kwenye karatasi yao, wa wiki mbili, ndio ulionifanya nikiamini kituo hicho. Kituo kinachompokea mbwa aliyechomwa jana kwa sababu kadi ina muhuri kinakusanya kadi, hakilindi mbwa.

Hesabu ya Chui iko hivi. Mpeleke kwa daktari wiki hii, ikiwezekana kesho. Atapimwa joto, atasikilizwa moyo na mapafu, maana mbwa mwenye homa hachanjwi. Akiwa mzima atapata ule mchanganyiko wa distempa, homa ya ini na parvo, dozi ya kwanza ya leptospirosi, ya kichaa, na ya kikohozi. Baada ya wiki tatu anarudi kwa dozi ya pili ya leptospirosi. Hesabu wiki mbili baada ya hapo, ndiyo siku yake ya kwanza kituoni. Hata ya kichaa itakuwa imekomaa, kwa kuwa nchi kadhaa huhesabu siku 28 tangu chanjo ya kwanza ndipo zimtambue mbwa kuwa amekingwa. Ule mchanganyiko, kwa mbwa mkubwa, kwa kawaida dozi moja inatosha, kwa sababu ni virusi hai vilivyodhoofishwa na vinaamsha kinga vizuri. Daktari wako akipendelea kurudia mara ya pili, usigombane naye.

Shangazi yako huenda anasema kweli, nami sina sababu ya kumshuku. Kama Chui alimaliza chanjo zake utotoni, kinga ya distempa na parvo inaweza kuwa bado ipo, kwani hudumu miaka mitatu na zaidi. Ya leptospirosi na ya kikohozi hazidumu hivyo, hushikilia kama mwaka mmoja tu, kwa hiyo hizo zimeshakwisha, kumbukumbu ya shangazi iwe sahihi au isiwe. Kipo kipimo cha damu cha kuangalia kingamwili za distempa, homa ya ini na parvo, kwa mtu asiyependa kurudia sindano. Mimi kwa mbwa mzima asiye na kadi huwa sioni haja yake. Kumchanja mbwa ambaye tayari ana kinga kwa kawaida hakumdhuru. Kumwacha asiyenayo ndiko kunakoumiza.

Sasa tumsikilize shemeji. Kuiweka ya kichaa mbele ya zote yuko sahihi. Ugonjwa ule ukishaanza kuonyesha dalili, mbwa au mtu, kupona karibu hakuna. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hivi hufa kwa kichaa kila mwaka, na hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Ndiyo maana nchi nyingi chanjo hiyo ni sheria, na hakuna kituo chenye akili kitakachompokea mbwa bila hiyo. Lakini chanjo ya kichaa inakinga kichaa, basi. Haimsaidii Chui kitu chochote mbele ya parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, na katika sehemu mbwa wanapokusanyika parvo ndiyo inayotunyima usingizi sisi madaktari.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la "ataambukizwa na nani." Kirusi cha parvo cha mbwa kilijitokeza mwaka 1978, na kwa muda mfupi sana kikaenea dunia nzima. Hakina haja ya mbwa mgonjwa kuwepo mbele yako. Mbwa aliyeambukizwa huanza kukitoa kwenye kinyesi siku nne au tano baadaye, mara nyingi kabla hajaonyesha dalili yoyote, na huendelea kukitoa siku kadhaa hata baada ya kupona. Kikishaanguka kwenye udongo wenye kivuli kinaweza kuishi miezi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Inatakiwa dawa ya klorini iliyochanganywa ipasavyo, iachwe dakika kumi juu ya sakafu iliyokwisha kuoshwa. Kwa hiyo Chui anaweza kuletewa parvo na soli ya kiatu cha mhudumu, na tairi la gari, na mbwa aliyejisaidia nje ya geti wiki iliyopita asiyejulikana hata ni wa nani. Juu ya hayo, katika kundi lolote wapo wachache ambao mwili wao haukuitikia chanjo vizuri, na hawatambuliki kwa kuwatazama. Hao wachache wanalindwa kwa kuzungukwa na wenzao waliochanjwa. Ndiyo sababu kituo kinamdai kila mbwa, hata yule ambaye mwenyewe anaapa kwamba hajawahi kuumwa.

Distempa ni ya hewani. Inaanza kama mafua: macho yanatoa tongotongo, pua inachuruzika, kikohozi. Mwenyewe anadhani ni baridi. Wiki chache baadaye inapanda kwenye ubongo, mbwa anapata degedege, taya zinatafuna hewa. Dawa ya kukiua kirusi hicho hatuna, tunamshikilia tu mgonjwa na kuomba. Homa ya ini sitaizungumzia sana, imekuwa adimu pale chanjo inapotolewa kwa wingi, na inaingia kwenye sindano ile ile.

Leptospirosi ni bakteria, si kirusi. Huenda umeisikia kwa jina la homa ya mgunda, maana ni ugonjwa wetu pia sisi watu. Panya anakojoa, maji ya mvua yanatuama, mbwa anayalamba au anayakanyaga akiwa na mchubuko mguuni, na bakteria wanaingia. Wanakwenda kwenye figo na ini. Mbwa mwenyewe naye akianza kuwatoa kwenye mkojo, anayefua blanketi lake au kudeki sakafu anaweza kuugua. Zamani chanjo hii ilihesabiwa kuwa ya hiari. Miongozo ya 2024 ya WSAVA, ule muungano wa dunia wa madaktari wa wanyama wadogo, inaiweka pamoja na zile za msingi katika maeneo yenye ugonjwa huo. Inakinga aina fulani za bakteria hao, si zote, na aina hutofautiana kutoka sehemu hadi sehemu. Daktari wa karibu nawe ndiye anayejua ipi inafaa hapo mlipo. Kumbuka pia ni ya kila mwaka. Ikipita muda mrefu bila nyongeza, unaanza upya na dozi mbili.

Kikohozi cha mabanda ndicho kinachoweza kumpata Chui hata ukifanya kila kitu sawasawa, na ni bora ujue mapema usije ukaona umedanganywa. Ni vijidudu kadhaa kwa pamoja, na wawili wakubwa ni bakteria anayeitwa Bordetella bronchiseptica na kirusi cha parainfluenza. Mbwa anakohoa kwa kukwama, kama mwenye mfupa kooni, mwishoni anatema povu jeupe. Wenye mbwa wengi huja kwangu wakiomba nitoe mfupa. Chanjo yake haifungi mlango kabisa. Inapunguza ukali na siku za kuugua. Mbwa kijana mwenye nguvu hupona wiki moja au mbili, lakini kwa mtoto wa mbwa au mzee kikohozi kinaweza kushuka kikawa homa ya mapafu.

Chanjo hiyo kwa kawaida haichomwi. Daktari anavuta dawa kwenye bomba dogo lisilo na sindano, anainua kidogo kidevu cha mbwa, anadondosha matone puani. Zipo pia za kumimina ndani ya shavu. Mbwa anatikisa kichwa, anapiga chafya, nusu ya dawa unaweza kudhani imeishia kwenye koti la daktari. Usijali, iliyobaki inatosha, na ubora wake ni kwamba inafanya kazi palepale vijidudu vinapoingilia, ndani ya siku chache. Anaweza kupiga chafya au kukohoa kidogo kwa siku kadhaa baadaye, ndiyo sababu nyingine ya kutompeleka kituoni mara moja. Sasa sikia hili, na kaka yako asikie: ile ya puani ikichomwa chini ya ngozi kwa makosa, inaweza kumtia mbwa jipu na kumharibu ini. Chupa zake hazitofautiani sana na nyingine kwa macho ya mtu asiyezishika kila siku.

Mafua ya mbwa wameandika "ikiwezekana," nami ningeliandika hivyo hivyo. Kuna aina mbili zinazojulikana. H3N8 ilitoka kwa farasi, ikatambuliwa mwaka 2004 kwa mbwa wa mbio wa Florida. H3N2 ilitoka kwa ndege huko Asia, na mwaka 2015 ikaleta mlipuko mkubwa Chicago. Pale yanapozunguka, kituo ndiyo sehemu ya kwanza kupigwa, na chanjo yake ni dozi mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne. Pale yasipojulikana, mara nyingi hata chanjo yenyewe haipatikani. Muulize daktari kama ameona au amesikia kisa chochote karibuni. Akisema hapana, usitafute usichohitaji.

Nije kwa kaka yako, na nasema kwa heshima maana mtu aliyefuga ng'ombe miaka mingi ananizidi mimi kwa mengi. Kuchoma sindano si kazi ngumu. Tatizo ni chupa ilikuwa wapi kabla haijafika mkononi mwake. Chanjo hizi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani. Ukiitazama ile ya mchanganyiko utaona chupa mbili: moja ina unga mweupe ulioshikana chini kama kidonge, nyingine ina maji. Unga ule ndio virusi hai. Vikipata joto la kaunta vinakufa, na unga unabaki mweupe vilevile, ukichanganya unayeyuka vilevile, unamchoma mbwa maji ya bure na unalala umetulia. Kuna na hili: mbwa mmoja mmoja hupata mzio mkali ndani ya dakika au saa chache, uso unavimba, anatapika, anaishiwa nguvu. Kliniki tuna dawa ya kumrudisha. Uani hakuna. Na hata vyote vikienda salama, kituo hakitakubali, na ya kichaa katika nchi nyingi kisheria haitambuliwi mpaka itolewe na daktari au chini ya usimamizi wake.

Kadi ya kweli inajulikana, usidhani haijulikani. Kila chanjo ina stika ndogo inayobanduliwa kwenye chupa ikabandikwa kwenye kadi: jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda. Pembeni kuna tarehe aliyochanjwa, tarehe ya kurudi, saini na muhuri. Mchanganyiko utauona umefupishwa kwa herufi, DHPP au DAPP: D ni distempa, H au A ni ile homa ya ini na adenovirusi wake, P moja ni parvo na nyingine parainfluenza. Ikiongezwa L ni leptospirosi. Kituo makini hupiga simu kliniki iliyotajwa, na kliniki itajibu kwamba mbwa huyo alifariki.

Lakini tuseme hawapigi. Chui ni mbwa mwenye woga, ndivyo barua yako inavyoonyesha. Tuseme siku ya tatu anabanwa kwenye kona na mbwa mwingine, mhudumu anaingiza mkono, Chui anamng'ata. Swali mojawapo la mwanzo atakaloulizwa yule mhudumu hospitalini ni kama mbwa amechanjwa kichaa na lini. Atajibu kwa kusoma kadi uliyompa. Daktari wa binadamu atapima hatari kwa tarehe za mbwa aliyekwisha kuzikwa. Rafiki yako hakufikiria umbali huo, naamini. Alitaka kukusaidia tu. Mwambie asante, umepata njia nyingine.

Pili sasa. Ungeniuliza swali moja tu katika barua yako, ningetamani liwe hili, kwa sababu watoto wa mbwa wanaokufa kwa parvo si wale tu ambao hawakuchanjwa kabisa. Wapo na waliochanjwa mara moja, mwenye mbwa akadhani imekwisha.

Mtoto wa mbwa hupata kingamwili za mama yake kwenye maziwa ya mwanzo. Zinamlinda wiki za kwanza, lakini zikiwa bado nyingi mwilini huishambulia na chanjo, kama mlinzi wa geti anayemfukuza fundi kwa kumdhania mwizi. Taratibu zinapungua. Shida ni kwamba hatujui kwa Pili zitakwisha lini: kwa mmoja ni wiki ya nane, kwa ndugu yake wa tumbo moja ni wiki ya kumi na nne. Na kuna siku katikati ambapo zimepungua kiasi cha kutomkinga na parvo, lakini bado zinatosha kuiharibu chanjo. Hatuna namna ya kuiona siku hiyo kwa macho, basi tunarudia kila wiki mbili hadi nne mpaka apite wiki 16. Sindano aliyopata ya wiki saba huenda ilishika, huenda haikushika.

Kwa Pili panga hivi: dozi wiki hii akiwa na wiki 10, nyingine akiwa na wiki 13, ya mwisho wiki ya 16. Leptospirosi iingie mara mbili kwenye ziara hizo; ya kichaa nayo iingie humo humo, maana hutolewa kuanzia wiki ya 12. Ya kikohozi apewe mapema kidogo kabla ya kuanza. Wiki mbili baada ya ile ya 16 anaweza kwenda. Akiwa na mwili mdogo sana, muombe daktari asimchome nyingi siku moja; mbwa wadogo wa umbo wakipewa nyingi kwa mkupuo hupata madhara zaidi kuliko wakubwa. Baadaye kuna nyingine ambayo watu huisahau, ile ya wiki ya 26 hivi, ya kumnasa yule ambaye hata ya wiki 16 haikumshika. Baada ya hiyo, mchanganyiko ni kila miaka mitatu.

Hata hivyo usimfungie ndani miezi miwili kama mgonjwa. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ndipo mbwa anapojifunza dunia ikoje, na asiyejifunza wakati huo hukua na woga usiotoka, kama huo wa Chui pengine. Mbebe mikononi umpitishe sokoni asikie kelele. Mkaribishe mbwa mmoja wa rafiki unayejua amechanjwa, wacheze kwako. Usimshushe tu mahali ambapo mbwa usiowajua wanajisaidia.

Zimebaki zile wiki mbili kati ya kazi yako na siku ya Chui. Ndugu au kijana wa jirani anayeweza kushinda naye nyumbani ndiyo suluhisho langu, na huyo huyo ataendelea na Pili. Usikubali kituo kikikuambia "mlete tu, tutamweka pembeni," kwa sababu pembeni pana hewa ile ile na kiatu kile kile. Niseme na jambo ambalo hukuuliza: mbwa anayebweka nusu saa nzima akiachwa peke yake huenda akapata taabu pia katikati ya mbwa ishirini. Omba nusu siku ya majaribio kabla ya kulipia mwezi. Chanjo haitibu woga.

Siku ya sindano Chui anaweza kuwa mnyonge, akala kidogo, akaona uchungu begani. Hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Kijivimbe kidogo pale alipochomwa si neno, lakini kikizidi kukua baada ya mwezi, au kikikaa miezi mitatu, kionyeshwe. Uso ukivimba, akitoka mabaka, akitapika mfululizo, usisubiri asubuhi. Ziara hiyo hiyo apewe dawa ya minyoo na ya viroboto na kupe, na umuulize daktari kuhusu kupima kinyesi. Vituo vingi huviacha hivyo nje ya karatasi ya masharti, halafu mbwa wanarudi nyumbani wanaharisha na chanjo ndiyo inalaumiwa.

Na ikitokea Chui ameanza kukohoa wiki ya kwanza, kadi yake ikiwa imejaa, abaki nyumbani na uwapigie kituoni siku hiyo hiyo. Watahitaji kujua alicheza na nani, maana pale kuna wenye mbwa wazee na wenye watoto wa mbwa kama Pili wako.